HOA, chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu, inatutishia mnada kwa sababu ya mchicha. Je, tutapoteza nyumba?

"Shikamoo wakili. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba mwaka 2021, kaskazini mwa Dallas. Yeye anaendesha lori, mimi ni nesi wa zamu za usiku. Mbele ya nyumba tumepanda mchicha, matembele na mistari miwili ya mahindi, kwa sababu nyuma kuna mti mkubwa na kivuli tupu. Mwaka jana HOA wakaanza kutuandikia. Faini ya dola 25, ikawa 50, kisha 100 mara tatu. Halafu tukafiwa na baba mkwe. Watu wakaja kutupa pole siku tatu, magari yakajaa barabarani, tukafunga turubai mbele ya gereji. Tukapigwa faini nyingine ya dola 200. Mume wangu akasema basi, hatulipi tena hata senti, pamoja na ada ya mwaka ya Januari ambayo ni dola 840. Sasa imekuja karatasi ya hesabu inayosema tunadaiwa dola 1,895, na barua ya wakili wao inayotaja mnada. Kuna na barua ya rejista ya wiki tatu zilizopita. Mume wangu aliiweka juu ya friji bila kuifungua. Kanisani mmoja anasema Texas hakuna wa kukunyang'anya nyumba unayoishi. Mwingine anasema rafiki yake aliuziwa nyumba kwa faini tu. Na jirani yetu Mzungu ameweka boti mbele ya gereji miezi sita, hajaguswa. Tufanye nini?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Kabla ya yote, shemeji aishushe ile barua ya juu ya friji leo hii. Mtazame tarehe iliyoandikwa juu yake na muhuri wa posta kwenye bahasha. Hapa Texas, HOA ikitaka kukutoza faini ni lazima ikuandikie kwanza kwa barua ya rejista, ieleze kosa na kiasi, na ikujulishe kwamba una haki ya kuomba kusikilizwa na bodi ndani ya siku 30. Siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa. Watu wetu wengi wanaamini kwamba barua ambayo haijafunguliwa haijafika, na wengine wanakitupa hata kile kikaratasi cha posta cha kuwaita wakaichukue. Saa inaendelea kutembea hivyo hivyo. Kama wiki tatu zimepita, mmebakiwa na siku tisa hivi.

Inawezekana barua ile si ya faini. Huenda ni ile ya siku 45, ambayo HOA lazima iitume kabla ya kukubebesha gharama za wakusanya madeni, ikitaja kila deni na kukueleza kwamba unaweza kulipa kwa awamu. Hata hivyo andikeni ombi la kusikilizwa. Maneno machache yanatosha: majina yenu, anwani ya nyumba, tarehe ya barua yao, na sentensi moja kwamba mnaomba kusikilizwa na bodi chini ya kifungu cha 209.007 cha sheria ya mali ya Texas. Msitukane, msisimulie habari za msiba, msieleze mnavyompenda Mungu. Itumeni kwa rejista yenye ile kadi ya kijani ya kurudi, na nakala kwa barua pepe. Kadi ya kijani ikirudi, ichomekeni kwenye faili moja na stakabadhi ya posta.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Wale washauri wenu wawili wa kanisani, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu hizo mbili ukizitumia vibaya ndipo nyumba inapokwenda.

Tuanze na anayesema nyumba ya kuishi haiguswi. Ni kweli katiba ya Texas inailinda sana maskani ya mtu. Benki inayokudai kwa kadi ya mkopo, au hospitali, haiwezi kuiuza nyumba unayoishi ili ilipwe. Lakini HOA haisimami kwenye mstari mmoja na hao. Mtaa kama wenu ulipoanzishwa, kabla hata nyumba haijajengwa, kampuni iliyogawa viwanja iliandika hati ya masharti na kuisajili kwa karani wa kaunti. Hati ile inasema kila mwenye kiwanja atalipa ada, na asipolipa kiwanja chenyewe kitabeba deni. Hilo ndilo linaloitwa lieni: deni linafungwa kwenye ardhi, haliishii kwa mtu tu. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya Inwood North Homeowners' Association dhidi ya Harris, iliamua kwamba kwa kuwa lieni ilikuwepo kabla mnunuzi hajaifanya nyumba kuwa maskani yake, ulinzi wa maskani hauizuii. Uamuzi huo mpaka leo ndio msingi. Kwa hiyo siku ile mliposaini rundo la karatasi na mikono ikawauma, mlinunua nyumba na mkanunua mkataba.

Ndiyo maana huwa nasema HOA si mjumbe wa nyumba kumi. Haina mamlaka ya serikali. Haiwezi kukukamata, na polisi hawatekelezi kanuni zake. Kwa upande mwingine, ada yake si mchango wa harusi ambao ukikosa unanuniwa tu. Nguvu yake yote inatoka kwenye hati ile na kwenye sheria za jimbo zinazoipa na kuinyima. Mtu asiyejua hati yake inasema nini anapigana gizani. Zaidi ya Wamarekani milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya aina hii, na nadhani wengi wao hawajaisoma hati yao kama ambavyo ninyi hamjaisoma, kwa hiyo msione aibu.

Sasa yule wa pili, anayesema nyumba iliuzwa kwa faini tu. Sheria ya Texas inakataza jambo hilo waziwazi. Kifungu cha 209.009 kinasema HOA haiwezi kuuza nyumba kwa lieni yake ikiwa deni lote ni faini, au ni faini pamoja na gharama za wakili zilizotokana na faini hizo peke yake. Mchicha wenu, mahindi yenu na turubai la msiba haviwezi kuwapeleka mnadani. Ila ada ya Januari inaweza. Nina wasiwasi kwamba yule rafiki wa rafiki alikuwa na faini kweli, akakasirika, akaacha ada, na akauziwa kwa ada. Hadithi inapofika kanisani, ada imeshadondoka njiani.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo shemeji ameteleza, na namwelewa kabisa. Hasira yake ina haki. Lakini kuacha kulipa ada ni kuichukua silaha ya HOA kutoka kabatini na kuipakia risasi kwa niaba yao. Mahakama haiangalii kama bwawa la kuogelea lilikuwa chafu au bodi ilikuwa na dharau. Wajibu wa kulipa ada unasimama peke yake. Malalamiko yako yana mlango wake mwingine. Na deni halihitaji kuwa kubwa. Huko Frisco, mji ulio kaskazini mwa Dallas, mwanajeshi mmoja alikuwa Iraq mwaka 2008 wakati nyumba yake ya takriban dola 300,000 ilipouzwa mnadani kwa dola 3,500, kwa deni la ada la kama dola 800. Aliipata baadaye baada ya kwenda mahakamani, na kelele za kesi hiyo zilichangia bunge la Texas kubadili sheria mwaka 2011. Kinga nyingi ninazowaeleza hapa zilianzia mwaka huo.

Chukueni sasa ile karatasi ya hesabu, muiweke mezani. Umenitajia jumla tu, 1,895, lakini ukitoa ada ya 840 na faini zenu zote za 575, zinabaki 480. Kwa mazoea ya karatasi hizi, hapo ndani kuna riba na adhabu ya kuchelewa, na kuna gharama za wakili. Tuseme riba ni 60 na wakili ni 420. HOA hupenda kuandika wakili kwa mstari mmoja. Ombeni mchanganuo: dola ngapi zilitumika kufuatilia ada, na ngapi zilitumika kuandika barua za mboga? Tuseme wanajibu 270 kwa ada, 150 kwa mboga. Mgawanyo huo ni dhahabu, kwa sababu kifungu cha 209.0063 kinaipangia HOA foleni ya kupokea pesa yako. Kwanza ada iliyochelewa. Pili ada ya sasa. Tatu gharama za wakili zinazohusu ada. Nne gharama nyingine za wakili. Tano faini. Mwisho mengineyo.

Shemeji akituma dola 1,000 kesho, 840 zinaimaliza ada. Zile 160 zinaingia kwenye 270 za wakili wa ada, zinabaki 110. Faini hazijaguswa hata senti, na HOA haina ruhusa ya kuzitanguliza. Mkituma nyingine 110, pamoja na ile 60 ya riba, deni linalobaki ni faini na wakili wa faini: 725. Kwa deni hilo nyumba haiuzwi. Kuhusu riba, mawakili hubishana iko sehemu gani ya foleni, na hati nyingi huihesabu pamoja na ada. Mimi siishindanii kwa dola 60. Andikeni kwenye hundi na kwenye barua inayoambatana nayo kwamba malipo haya ni ya ada, riba yake na gharama zake. Mlipe kwa njia inayoacha alama.

Kama dola 1,170 kwa mkupuo ni nyingi, HOA yenye viwanja zaidi ya 14 ni lazima iwe na utaratibu wa kulipa kwa awamu, usiopungua miezi mitatu, na haibanwi kuvuka miezi 18. Ombeni kwa maandishi. Lakini mkishaingia kwenye mpango huo, msiuvunje. Mkiuvunja, ile foleni nzuri niliyowaeleza haiwafungi tena kama mwanzo, ingawa hata hapo faini haiwezi kutangulizwa mbele ya deni jingine, na kwa miaka miwili wanaweza kuwanyima mpango mwingine.

Halafu iangalieni ile 150 ya wakili wa mboga kwa jicho kali. Kifungu cha 209.008 kinasema mwenye nyumba hadaiwi gharama za wakili kuhusu kosa lililotajwa kwenye notisi kama gharama hizo zilitokea kabla kikao cha kusikilizwa hakijaisha, au, kama hakuomba kikao, kabla siku zake za kuomba hazijaisha. HOA nyingi hukimbilia kwa wakili siku ya pili baada ya barua, kisha zinamwandikia mwenye nyumba bili. Tarehe za ankara ya wakili zitawaambia yote.

Na mnada wenyewe hauji kama mwizi. Tangu Septemba 2023, HOA haiwezi kusajili lieni ya ada kwa karani wa kaunti mpaka iwe imetuma notisi mbili, ya pili kwa rejista siku 30 au zaidi baada ya ya kwanza, na zipite siku 90 baada ya hiyo ya pili. Kisha, hata ikiwa hati yake inairuhusu kuuza bila kesi, inahitaji kwanza amri ya mahakama. Minada ya Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, mahali palipotangazwa na kaunti. Na baada ya kuuzwa, mwenye nyumba ana siku 180, tangu HOA ilipomtumia notisi ya mauzo, za kuikomboa kwa kulipa deni na gharama. Kwa hiyo lala usingizi, dada, hasa wewe wa zamu za usiku. Ila usilale sana: kwa kawaida lieni ya HOA iko chini ya mkopo wa benki, maana yake nyumba ikiuzwa na HOA, deni lenu la benki halifutiki. Mtu anaweza kupoteza nyumba akabaki na mkopo wake. Nimewahi kukaa na familia iliyogundua hilo mezani kwangu, na sitaki kuliona tena.

Sasa kikao. Bodi ikipokea ombi lenu, inatakiwa kukaa ndani ya siku 30, na kuwajulisha tarehe, saa na mahali siku 10 kabla. Tangu mwaka 2021, siku hizo hizo 10 kabla ni lazima iwape furushi la nyaraka, picha na barua zote inazotaka kuzitumia dhidi yenu. Wasipolitoa, mna haki ya kuahirisha kwa siku 15 bila kuomba radhi. Mnaweza kurekodi sauti. Wao ndio wanaanza kueleza, ninyi mnajibu.

Nilikaa kwenye bodi ya mtaa wangu miaka miwili, kwa hiyo naijua meza ile kutoka upande wa pili. Ni wazee wastaafu wawili, mama mmoja mwenye hamu ya maua, na meneja wa kampuni ya usimamizi aliyebeba mafaili ya mitaa kumi. Hawana mshahara. Wanachokiogopa si hotuba, hotuba wamezizoea. Wanaogopa tarehe. Mtu anayekuja na karatasi moja iliyoandikwa "notisi ilitumwa lini, kwa njia gani, ilitupa siku ngapi, ratiba ya faini inasema nini" anasikilizwa kuliko anayelia. Kwa hiyo msichukue kikao kama mahali pa kutetea mchicha. Kichukueni kama mahali pa kuuliza maswali manne au matano ya utaratibu.

Kwa mfano: ile faini ya 200 ya msiba iko wapi kwenye ratiba? Tangu 2024 HOA inayotoza faini ni lazima iwe na sera iliyoandikwa yenye aina za makosa na viwango vyake, na iiweke kwenye tovuti au iitume kwa wenye nyumba kila mwaka. Wanaweza kusema kwamba tukio la siku tatu lililokwisha haliwezi kurekebishwa, kwa hiyo hawakulazimika kuwapa muda wa kurekebisha. Lakini notisi na haki ya kusikilizwa bado mlistahili. Kuhusu magari, waombeni wawaonyeshe kifungu. Hati inaweza kumbana mwenye nyumba; wageni waliokuja kuzika hawakusaini chochote.

Kwa faini za mboga, ulizeni kila barua ilitumwaje. Kama ya kwanza ilikuja kwa barua ya kawaida au kwa barua pepe tu, bila rejista na bila kutaja haki ya kikao, mna hoja nzito. Lakini niwe mkweli: kama ya kwanza ilikuwa sahihi, kosa linalofanana ndani ya miezi sita halihitaji kuwapa tena muda wa kurekebisha. Hapo zile za 100 mara tatu zinaweza kusimama.

Juu ya boti la jirani. Hapa watu hutarajia niseme "hiyo ni ubaguzi, washtaki". Inaweza kuwa. Sheria ya Haki ya Makazi ya mwaka 1968 inaihusu HOA pia, na inakataza kutofautisha watu kwa rangi, taifa walikotoka, dini na mengine kadhaa. Historia ya masharti haya ya viwanja yenyewe si safi: mengi ya zamani yaliandikwa mahsusi kuwazuia watu weusi kununua, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, mahakama kuyatekeleza. Lakini boti moja halithibitishi ubaguzi. Huenda naye ana barua tano jikoni kwake. Na kwa bahati mbaya sheria ya nyaraka haiwalazimishi HOA kuwaonyesha rekodi ya makosa ya mwenye nyumba mwingine. Njia iliyobaki ni macho yenu: piga picha kutoka barabarani, yenye tarehe, kila wiki; andika nani ana nini na tangu lini. Mkipata nyumba sita au saba zenye makosa wazi ambazo haziguswi, na ninyi pamoja na, tuseme, familia ya Kinijeria ya mtaa wa pili ndio mnaoandikiwa, mna kitu cha kupeleka HUD, yaani wizara ya makazi ya Marekani, ndani ya mwaka mmoja, au mahakamani ndani ya miaka miwili. Hata bila suala la rangi, uamuzi wa HOA hudhaniwa kuwa wa busara hadi mtu athibitishe kwamba ni wa kiholela au wa kibaguzi. Mzigo huo uko kwenu, ndiyo maana nasisitiza picha.

Najua swali ulilotaka kuniuliza kweli ni hili: je, mchicha ubaki? Nadhani hapana, angalau si mbele. Sheria ya Texas inawazuia HOA kukataza mapipa ya maji ya mvua, mboji, na bustani za mimea isiyotaka maji mengi, japo wanaweza kuweka masharti ya muonekano. Mahindi yanayofika kifuani barabarani hayamo katika orodha ile, msiitegemee. Hati yenu ikisema mbele ni nyasi na maua, mkienda mahakamani mkashindwa, HOA inaweza kudai gharama za wakili wake kutoka kwenu, na jaji anaweza kuongeza hadi dola 200 kwa kila siku ya ukiukaji. Mchicha wa bei hiyo sijawahi kuula.

Kuna njia ya katikati ambayo haina aibu. Ng'oeni mahindi sasa, piga picha kabla na baada, watumieni. Kama notisi iliwapa muda wa kurekebisha na mmerekebisha ndani yake, faini ya kosa hilo haitozwi. Kurekebisha si kukiri. Kisha pelekeni ombi kwa kamati ya usanifu: vitanda viwili vya mbao vyenye kingo nzuri upande wa nyumba, urefu fulani, matembele yakitambaa kama pambo. Matembele yakipangwa vizuri, wengi hawajui hata kwamba yanaliwa. Maduka ya bustani hapa yanayauza kama mapambo. Na kwa ule mti wa nyuma, kuupunguza matawi ni rahisi kuliko kesi.

Mkitaka kubadili kanuni yenyewe, hati ya masharti kwa kawaida inahitaji asilimia 67 ya kura za wenye nyumba, lakini miongozo ya bustani mara nyingi bodi huweza kuibadili yenyewe. Mikutano ya bodi ni ya wazi, na notisi yake ya kawaida inatoka saa 144 kabla. Hata mkiwa na deni hawawezi kuwanyima kura. Mtaa wenye familia nne za Kitanzania ambazo hazijawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja unaandikiwa kanuni na wale wanaohudhuria.

Texas haina ofisi ya serikali inayosimamia HOA na kupokea malalamiko, msipoteze muda kuitafuta. Tovuti ya hoa.texas.gov itawasaidia kupata cheti cha usimamizi chenye anwani sahihi ya kutumia barua zenu. HOA ikikiuka sura ya 209, kwa mfano ikiwanyima nyaraka mlizoomba kwa rejista, mnaweza kwenda wenyewe kwa jaji wa JP (Justice of the Peace), yaani mahakama ndogo ya eneo lenu. Mahakama hizo husikiliza madai ya hadi dola 20,000, na huko mtu anaweza kujieleza bila wakili.

Lakini tafuteni wakili wa ana kwa ana, mwenye leseni ya Texas na anayefanya kesi za HOA, pindi mkipata mojawapo ya haya: karatasi ya mahakama ya aina yoyote, ombi la amri ya mnada, au notisi inayotaja Jumanne fulani. Mwisho wa kujibu ombi la mnada ni Jumatatu ya kwanza baada ya siku 38 tangu mahakama iliposti wito, na siku hizo huisha haraka kwa mtu anayeendesha lori kwenda California na kurudi. Kipato kikiwa kidogo, shirika la msaada wa kisheria la Legal Aid of NorthWest Texas linahudumia eneo lenu, na TexasLawHelp.org ina fomu. Kama mmoja wenu yuko jeshini kwa zamu kamili, mwambieni wakili siku ya kwanza, kuna kinga za ziada. Na msomaji mwingine aliyeko Ohio au Minnesota, asichukue tarehe zangu hizi. Kila jimbo lina zake.

Dada, ukitoka kazini asubuhi, kabla hujalala, pitia posta na lile ombi la kikao. Hundi ya ada shemeji anaweza kuituma akiwa njiani.